Umechomwa mu bahari? Angalia alama kwanza, njo ujue utaweka nini

Jambo kwenu bote. Ninaandika hii juu ya batu yetu ya Goma benye banashukaka Dar es Salaam, Zanzibar ao Mombasa kufata mali, kutosha gari ku porti, kusindikiza mugonjwa, alafu siku moja ya nafasi banasema basi twende tuone bahari. Muende, bahari ni nzuri sana. Lakini siye tulikomalia pembeni ya Kivu na Kivu ilituzoeza vibaya, unaingia miguu wazi, unakatwa na jiwe ya lava, unaosha, inaisha. Mu Kivu hakuna meduza, ile mnyama laini kama jeli, ya kukuchoma, hakuna taa, ile samaki bapa, ya kujificha mu muchanga, na maji haiondoki asubui ikarudi mangaribi. Hata ku Tanganyika, kwa ndugu zetu ba Uvira na Kalemie, kuko tumeduza tudogo twa maji baridi, tunaonekana kama franga ya chuma yenye inapita mu maji, na hatuumizi mutu. Bahari ni ingine kabisa.

Mu familia yetu tulipata mambo mbili. Yaya yangu alikanyaga ursini ku Zanzibar, ile mnyama ya miiba myeusi mirefu, na mutoto wa shangazi alifungwa ku mukono na meduza ku Kigamboni. Bote babili balisaidiwa na batu ya roho nzuri, na bote babili balizidishiwa maumivu, juu yaya balimuwekea barafu wakati alikuwa anahitaji maji ya moto, na kadogo balimusugua na muchanga na maji ya bomba, kitu yenye haifai hata kidogo. Toka siku ile niliuliza baganga, nikasoma, nikauliza tena, na kitu yenye nilibakia nayo ni hii: dawa ya michomo ya bahari inafata alama yenye iko ku ngozi. Misitari, vidoti, tundu moja, ao hakuna alama kabisa, kila moja iko na njia yake, na kitu ya kwanza yenye utamwanga juu yake inaweza kusaidia ao kuharibu. Kwa hiyo mbele ya kumwanga kitu, angalia.

Lakini mbele ya hata kuangalia: huyu mutu anapumua muzuri?

Mutoshe mu maji kwanza, juu mutu mwenye maumivu makali anaweza kuzama hata mu maji ya kiuno. Alafu muangalie uso. Kama midomo ao ulimi inavimba, sauti inakuwa ya ajabu, anahema kama mutu wa asma, mwili muzima unatoka mapele ya kuwasha, anasikia kizunguzungu ama kifua inabana, kope zinaanguka, anashindwa kutamka maneno, anatapika bila kuacha, hapo hakuna tena kuchagua dawa, ni gari na hopitali, na dawa zingine mutafanyia mu njia. Vile vile kama muchomo uko ku kifua, tumbo, shingo ao jicho, ao kama ni mutoto mudogo na alama imefunika fasi kubwa ya mwili. Akiacha kupumua na haitike, mumulaze chali, mumukandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mtu mumoja akichoka mwengine ashike, na musiache mpaka musaada ifike.

Kama hiyo yote haiko, sasa angalia ngozi.

Misitari nyekundu kama alipigwa fimbo, na inawaka moto

Hii ni meduza. Ku pwani banaiita konyeza. Mara nyingi hautaiona, juu mu maji iko kama nailo, utasikia paka moto ghafla ku mukono ao ku paja, alafu misitari inatoka, nyekundu ao ya zambarau, wakati mwingine kama mukufu wenye vidoti. Kamba zake ziko na maelfu na maelfu ya tupochi tudogo sana, kila kapochi kako na uzi wenye sindano umejikunja ndani, kakiguswa kanafunguka na kanachoma. Na hapa njo siri ya yote: wakati unatoka mu maji, tupochi mingi tumebakia ku ngozi yako na hatujafunguka bado. Zile zimechoma zimechoma, lakini zile zenye hazijafunguka, weye njo utaamua kama zitafunguka ao hapana.

Sasa elewa kwa nini ile maji ya bomba ilimuumiza kadogo yetu. Maji tamu, yaani yenye haina chumvi, inazifungua. Kusugua na taulo ao muchanga inazifungua. Pombe, parfe, zinafungua. Na mikojo, ile banasemaka ku kila pwani ya dunia, haisaidii na inaweza kuzidisha, tafazali musimukojolee mutu. Zamani balikuwa banafundisha kukwangua na wembe ao na kadi ya benki, leo baganga mingi wameacha juu ile kukandamiza inakamua sumu zaidi.

Fanya hivi. Chota maji ya bahari yenyewe, umwangie polepole, bila kusugua. Kama kuko vinegre, ile ya kawaida ya ku saladi (kule Dar uombe siki ku duka, ukisema vinegre batakushangaa), umwange juu ya misitari kwa sekunde 30 zima ao zaidi, usifanye matone matone. Vinegre haitoshi sumu yenye imeshaingia, kazi yake ni kufunga zile tupochi zenye hazijalipuka, njo maana maumivu itabakia na usikate tamaa useme haikufanya kazi. Kisha utoshe vipande vya kamba na pinsi (kule ni kibano), ao na mukono mwenye kuvaa sashe. Alafu maji ya moto, ile ngozi inaweza kuvumilia bila kuungua, dakika 20 mpaka 40. Ikiwa hakuna maji ya moto, barafu ndani ya sashe kavu inaweza kupunguza maumivu, lakini sashe isivuje, juu barafu ikiyeyuka ni maji tamu na tumerudi kwenye tatizo.

Kuko moja ya kutenga. Ukiona ku muchanga ao juu ya maji kitu kama balo ndogo ya plastiki, ya buluu, yenye kujaa hewa, na kamba za buluu zinafata nyuma, kamba zile zinaweza kufika metre nyingi, ile si meduza ya kawaida. Kwa Australia, fasi yenye banapata hii kila mwaka, shauri yao kwa hii ya buluu ni musiweke vinegre: osha na maji ya bahari, utoshe kamba, alafu maji ya moto dakika 20. Mi nafata hiyo. Ukiwa na mashaka kama ni ya buluu ao ni ingine, maji ya bahari na maji ya moto haitakukosea kwa zote mbili.

Upepo ukipiga toka bahari kwenda inchi kavu kwa siku mbili tatu, meduza zinasukumwa ku pwani, uliza bavuvi mbele ya kuingia, bao banajua kuliko hoteli. Na meduza yenye imekufa ku muchanga bado inachoma! Mutoto ataiona inangaa kama jeli, atataka kuishika. Mumukataze.

Kwa meduza ya kawaida maumivu inapungua mu masaa kidogo, alama inaweza kubakia siku mingi, wakati mwingine wiki, inawasha, krem ya idrokortizone ya farmasi inasaidia. Lakini kama mutu alichomwa kidogo tu, alama karibu haionekani, na kisha kama nusu saa anaanza kuumwa mugongo vibaya, tumbo inakaza, jasho, kutapika, roho inapiga mbio, na woga mukubwa kama anaona kifo, hiyo kuko meduza ndogo sana za umbo la sanduku zenye zinafanyaka hivyo, na tension yake inaweza kupanda sana. Usimwambie "ni woga yako tu". Peleka hopitali.

Vidoti vyeusi mingi chini ya muguu

Maji ya bahari inapwa na inajaa, na ku Zanzibar ao Dar tofauti ya juu na chini inaweza kupita metre 3. Mutu wa Goma anaamka asubui anaona maji imekimbia mbali, kuko fasi kubwa ya mawe na majani ya bahari ya kutembelea, anatoa sandale anaenda kutembea. Njo vile yaya alifanya. Ursini inakaa mu mashimo ya matumbawe na mu majani, miiba yake ni mirefu kama sindano ya kufuma na inavunjikia ndani.

Alama: vidoti vyeusi ao vya zambarau, tano, kumi, ishirini, fasi moja, na maumivu ya kuchoma pale pale. Hapa maji ya MOTO, siyo barafu. Ingiza muguu muzima mu beseni, dakika 30 mpaka 90, ukiongeza moto inapopoa. Sumu za miiba, ya ursini, ya taa, ya samaki, ni za aina ya protini, joto inaziharibu, kama vile yai inabadilika mu mafuta, njo maana maumivu inashuka wakati muguu ungali mu maji.

Kisha toa miiba yenye inaonekana inje, na pinsi, kwa kuivuta sawa sawa na vile iliingia, ukiipinda inavunjika. Zile za ndani acha. Yaya alipelekwa ku dispensari moja kule, balimuchimba na sindano karibu saa nzima, balitosha vipande viwili, na kile kidonda balifungua njo kilikuja kuoza, siyo miiba yenyewe. Mara mingi ile nyeusi unaona hata si mwiba, ni rangi ya mwiba yenye imebakia ku ngozi, na inapotea yenyewe mu siku moja ao mbili. Kama bado iko kisha siku tatu, hapo kweli kipande kiko ndani. Vipande vidogo vya juu juu mwili unavila wenyewe, vimejengwa na kitu ya aina ya chokaa, kulowesha na vinegre kunaweza kuvilainisha. Benyeji ba Zanzibar banapaka utomvu ya papai bichi, yaya alipakwa, haikumuzuru, lakini maji ya moto njo ilimutulizia. Musipige na chupa ao jiwe ili kusaga miiba ndani, nimeona batu banashauri hivyo, munaponda nyama ya mutu.

Kama mwiba iko karibu na kiungo, kidole, kifundo, na kukunja inauma, hiyo ni ya munganga, mwiba ukikaa ndani ya kiungo unaweza kukiharibu.

Tundu moja ao mupasuko, damu, na maumivu inazidi kupanda

Alikuwa anatembea mu maji ya magoti, muchanga laini, ghafla kitu kama kisu ku kifundo ao juu ya muguu. Hii ni taa, ile samaki bapa kama sahani yenye mukia murefu, inajifunika na muchanga, ukiikanyaga mugongo inarusha mukia na mukia uko na mwiba wa meno meno. Alama ni mupasuko na damu nyingi, na utaitambua vile maumivu inaenda: haianzi juu ikashuka, inapanda, saa moja saa moja na nusu njo inafika juu kabisa, mutu mukubwa analia, na inaweza kukaa siku mbili.

Osha kidonda na maji ya bahari ao maji safi (hapa maji tamu haina shida, hakuna tupochi), kandamiza kama damu inatoka mingi, kisha maji ya moto dakika 30 mpaka 90. Alafu hopitali hata kama maumivu imeisha, juu kipande ya mwiba na ngozi yake vinabakiaka ndani na vinaoza, na sindano ya tetanosi lazima.

Kama mwiba uko umesimama ku kifua, tumbo, shingo ao paja ya juu, USITOE. Uache pale, uzungushie nguo isicheze, muende mbio. Steve Irwin, yule wa Australia mwenye alikuwa anashika mamba ku televizio, alikufa tarehe 4 mwezi wa 9 mwaka 2006 juu mwiba ya taa ilimuingia kifuani. Ku muguu taa inaumiza sana lakini ni nadra iue.

Kuzuia taa ni rahisi kuliko zote: mu maji ya muchanga usinyanyue miguu, ikokote, ukisukuma muchanga mbele. Taa itasikia na itaondoka yenyewe, haitaki vita na weye. Kumbuka tu kwamba ile ya kukokota ni ya muchanga, ku mawe utaikokota moja kwa moja mu ursini.

Tundu dogo, lakini mutu anapiga kelele kama muguu unakatwa

Maumivu kubwa kuliko kidonda, fasi inavimba mbio, inakuwa nyeupe ao buluu pembeni. Fikiri samaki-jiwe, yenye inafanana kabisa na jiwe lenye majani, inalala mu mawe, na miiba ya mugongo wake inaweza kupita sandale laini. Ao samaki-simba, ile nzuri ya misitari na manyoya marefu, ao samaki ya kawaida ya soko kama tasi, Mombasa banaiita tafi, yenye miiba yake iko na sumu ndogo. Maji ya moto mara moja, muguu usiutumie, na hopitali kwa haraka, juu samaki-jiwe inaweza kushusha tension na kusumbua roho. Kuko dawa ya kupinga sumu yake, inatengenezwa Australia, usiitegemee kuipata ku kila hopitali, njo maana maji ya moto na dawa ya maumivu ya munganga ni muhimu.

Mama zetu benye banauzaka samaki, hii iwahusu: ukienda ku Feri pale Dar kuangalia samaki, musishike mapezi na mukono wazi. Samaki imekufa, mwiba haujafa. Na hata huku Goma, mwiba ya kambare ao ya tilapia ikikuchoma ukiwa unasafisha, ile maji ya moto inasaidia pia.

Sasa hii maji ya moto, musikilize muzuri

Hapa batu mingi banaunguza bagonjwa. Kiasi yenye tunataka ni digri 42 mpaka 45, isipite 45. Goma tuko juu, karibu metre 1500, maji inachemka ku digri 95 hivi, na maji yetu ya robine ni baridi, tuseme 20. Ukichanganya hapa kikombe 1 ya kuchemka na vikombe 2 vya baridi unapata kama 45, muzuri. Sasa peleka ile kipimo Dar: kule inachemka ku 100, na maji ya bomba iko karibu 28, kikombe 1 kwa vikombe 2 inakupa 52, na 52 kwa dakika nyingi inababua ngozi. Ku pwani weka kikombe 1 ya kuchemka kwa vikombe 4 vya bomba, utapata kama 42. Anza hapo, ongeza kidogo kidogo inapopoa, lakini muguu utoke kwanza, unaongeza, unakoroga, unapima, njo unarudisha.

Na asipime mwenye kuchomwa na muguu wake, juu muguu wenye sumu hausikii muzuri, atasema ongeza ongeza mpaka ngozi itoke. Apime mutu muzima na kiwiko, vile mama anapimaka maji ya kuogesha mutoto. Kwa mutoto, muzee na mutu wa sukari, bakia chini ya ile kipimo. Termosi yenye kujaa maji ya moto mu sakosh njo dawa bora kuliko yote yenye utabeba ku pwani, hakuna mutu anatafuta moto ku muchanga wakati mwenzake analia.

Haiumi sana, lakini mutu anakuwa muzito

Hii inaniogopesha kuliko zingine juu haina kelele. Mutoto anaokota konokono muzuri wa bahari, umbo la koni, ganda yake na maua maua kahawia, anaweka mu mufuko wa kaptula. Konokono yule akiwa hai anarusha mushale mudogo wa sumu, na kuko aina mu Bahari ya Hindi zenye zimeua batu. Ao nyoka ya bahari, ile ya mugongo mweusi na tumbo ya njano, njo aina moja tu yenye inafika pwani ya Afrika Mashariki, ni ya upole, mara mingi inaumaka muvuvi mwenye kuitosha mu nyavu.

Dalili: tundu dogo ao hakuna, ganzi ku midomo na vidole, kuona mbili mbili, kope nzito, kumeza ni shida, ao misuli yote inauma na mikojo inakuwa kahawia. Zungushia bandi ya kukaza toka vidole mpaka juu ya mukono ao muguu muzima, kwa nguvu kama unafunga kifundo yenye imetegeka, damu ipite, weka ubao usicheze, mutu asitembee, mumubebe. Hakuna kukata na wembe, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kuzuia damu, hakuna jiwe nyeusi. Na muwe tayari kumupulizia hewa mu mudomo, juu kitu yenye inaua hapo ni kupumua kusimama, ukimupumulia mpaka hopitali anaweza kupona.

Konokono yoyote yenye umbo la koni, acha pale.

Ukurutu, mikwaruzo na za madogo

Ulishika ao uligonga matumbawe na ngozi inawaka na kuwasha: kuko aina ya rangi ya haradali yenye inachoma kama meduza, osha na maji ya bahari, vinegre, kisha utoe vipande. Kama ni mukwaruzo ya kawaida osha muzuri na sabuni, matumbawe inaachaka uchafu mu kidonda na inachelewa kupona. Mapele mingi chini ya nguo ya kuogelea tu, kisha masaa kadhaa: ni watoto wa meduza balikwama mu nguo. Vua ile nguo mbele ya kujimwangia maji tamu, ifuliwe na sabuni na maji ya moto, usiivae tena kesho yake vile iko.

Umesharudi Goma na bado inauma

Toka Dar mpaka hapa ni siku mbili ao tatu mu bisi, muguu unaning'inia, vumbi, na kidonda chenye kilifungwa na kitambaa. Angalia kila jioni. Kama wekundu unapanda, kuko usaha, harufu, malengelenge ya damu, homa, ao maumivu yenye ilikuwa imeisha inarudi, usingoje kufika nyumbani, shuka ku hopitali ya mu njia. Mutu wa sukari ao wa maini mugonjwa asingoje hata saa, kuko microbe ya maji ya chumvi yenye inakulaka nyama kwa haraka sana kwa batu ya vile.

Na kuko ingine ya polepole: wiki tatu, ine kisha, pale kidonda ilikuwa imefunga, kanatoka kavimbe kagumu, haiumi sana, hakaponi na amoxicilline ya farmasi. Munganga wa huku hatafikiri bahari kama weye haukumwambia, kwake vidonda ni vya jiwe, vya moto, vya pikipiki, na antibiotike ya kidonda cha bahari mara mingi ni ingine. Mwambie waziwazi: ilikuwa maji ya chumvi, tarehe fulani, fasi fulani, mnyama ilikuwa na rangi na umbo hivi, na tuliweka kitu fulani juu. Foto ya alama yenye ulipiga na telefone siku ya kwanza, mbele ivimbe, muonyeshe ile.